BEI YA MKOBA NA CHEO CHA MTU



Darasa yetu ya mwezi huu ilikuwa juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo: mikoba ya kike ya bei kubwa, na mapambo mengine yafuatanayo nayo, kama mikanda, miwani, saa na viatu vyenye majina ya Ulaya. Mmoja katika waliohudhuria alisema, "Maalim, tuna mambo makubwa kuliko haya." Nilimjibu kuwa jambo liwezalo kumtia kijana katika deni, na kumliza binti katika siku za furaha yake, si dogo. Basi nimeonelea niyaandike tuliyoyasoma, ili nao wasiohudhuria wapate fungu lao.

ASILI YA MIKOBA HII

Kwanza yatupasa tukijue kitu kabla ya kukihukumu, kwani kuhukumu bila ya kujua ni dhulma.

Nyumba ya Hermès ya Paris ilianzishwa mwaka 1837 na Thierry Hermès, na kazi yake ilikuwa ni kushona hatamu na vyombo vya farasi. Louis Vuitton naye alifungua duka lake katika mji huo huo mwaka 1854, akitengeneza masanduku ya safari. Na mwaka 1858 akatoa sanduku lenye kifuniko bapa, ili masanduku yapate kupandanishwa. Hao walikuwa mafundi, na ufundi wao ulitokana na haja za watu. Hata leo mkoba wa Hermès uitwao Birkin hushonwa kwa mkono na fundi mmoja, kwa sindano mbili na uzi mmoja, kama walivyokuwa wakishona watu wa matandiko ya farasi, na kazi yake huchukua saa nyingi. Mwenye insafu hawezi kuikanusha kazi hiyo.

Khabari ya huo mkoba wa Birkin yafaa izingatiwe. Jane Birkin alikuwa mwigizaji na mwimbaji, Mwingereza aliyekuwa akikaa Ufaransa. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 alikuwa ndani ya ndege baina ya Paris na London, vitu vyake vikamwagika. Na aliyeketi ubavuni pake alikuwa Jean-Louis Dumas, mkubwa wa nyumba ya Hermès. Bibi huyo akamlalamikia kuwa hapati mkoba wa kumtosha mama mwenye mtoto mchanga. Ukachorwa papo hapo, na mwaka 1984 ukatoka. Kwa hivyo haja ya mwanzo ilikuwa ni ya mama atakaye mahali pa kutilia vitu vya mwanawe.

Tarehe 10 Julai 2025 mkoba ule wa asili alioshonewa yeye, ambao ulikuwa umekwisha chakaa kwa kutumiwa, uliuzwa kwa mnada mjini Paris kwa euro milioni 8.6. Ngozi ilikuwa ni ile ile, wala haikuzidi ila mikwaruzo. Basi ni kitu gani kilichonunuliwa kwa mali yote hiyo?

KINACHOUZWA SI NGOZI

Tutazame mifano mitatu, na jawabu itajidhihirisha.

Mfano wa kwanza ni bei. Mkoba mashuhuri wa Chanel wenye mkufu, wa kipimo cha kati, uliuzwa Marekani kwa takriban dola 5,800 mwaka 2019. Ulipofika mwaka 2024 bei yake ilikuwa imepita dola 10,000. Katika miaka mitano ng'ombe hawakuwa adimu kiasi hicho, wala mafundi hawakulipwa karibu maradufu. Na wanunuzi walizidi kuutamani.

Mfano wa pili ni ujira. Mwaka 2024 mahakama ya Milano, nchini Italia, iliiweka kampuni moja iliyo chini ya Dior katika usimamizi wa mahakama, kwa sababu ya hali za wafanyakazi katika karakana zilizopewa kazi yake. Katika karatasi za shauri hilo ilionekana kuwa mkoba uliokuwa ukiuzwa dukani kwa euro 2,600 ulilipiwa ushonaji wake euro 53, bila ya kuhesabu ngozi. Usimamizi huo uliondoshwa mwaka 2025 baada ya kampuni kutengeneza mambo yake. Lakini hesabu ile imekwisha onekana.

Mfano wa tatu ni wa ajabu zaidi. Katika hesabu zake zilizotoka mwaka 2018, nyumba ya Burberry ya Uingereza ilieleza kuwa kwa mwaka mmoja iliharibu bidhaa zake zenye thamani ya pauni milioni 28.6. Mwaka huo huo ikatangaza kuiacha desturi hiyo, na mwaka 2020 Ufaransa ikapitisha sheria ya kukataza bidhaa zisizouzika zisiharibiwe. Kwa nini mfanya biashara aangamize mali yake kwa mkono wake? Kwa sababu ikiuzwa rahisi itawafikia wengi. Na ikiwafikia wengi, haitakuwa tena alama ya wachache.

Hii ndiyo siri yenyewe. Kinachouzwa ni cheo, na cheo cha namna hiyo hakipatikani illa kwa kuwa mwengine hanacho. Mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Thorstein Veblen, aliyaeleza haya katika kitabu alichokitoa mwaka 1899: kuwa kuna matumizi ambayo makusudio yake ni kuonekana, na kuna vitu ambavyo ughali wake ndio unaovitia tamaa. Kwa hivyo anunuaye kitu cha namna hiyo hanunui cha kumtosha. Siku jirani yake atakapopata mfano wake, chake kitakuwa kimekufa, ijapokuwa ngozi yake ni mpya. Atalazimika kutafuta kingine kilicho ghali zaidi, na mbio hizo hazina mwisho.

JE, PAMBO NI HARAMU?

Hasha. Sura ya A'raf imewaamrisha watu wajipambe waendapo kusali, na papo hapo ikakataza kupita kiasi. Na Mtume (S.A.W.), alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, hakuyahisabu hayo kuwa ni kiburi, alibainisha kuwa kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Hii ndiyo mizani yetu, nayo hupima moyo wa mvaaji kabla ya kupima bei ya vazi. Wanavyuoni wakaongeza mlango wa libasi ya shuhra, yaani vazi ambalo mtu hulivaa ili macho ya watu yamwelekee, nao wakalikemea.

Wala sisi watu wa pwani tusijifanye kuwa hatujui nguvu ya vazi. Zamani za utumwa, vazi lilikuwa ni alama ya daraja. Mtumwa mwanamke alijulikana kwa kaniki yake. Utumwa ulipopigwa marufuku, Unguja mwaka 1897 na katika pwani yetu ya Kenya mwaka 1907, wengi waliokuwa wamefanywa watumwa waliitupa kaniki wakavaa kanga za rangi. Je, tuwalaumu kwa kupenda mapambo? La. Walitaka kuhisabiwa watu kama watu wengine, na hiyo ni haki yao aliyowapa Mola wao.

Lakini angalia tafauti ilioko. Yule mama aliyetupa kaniki alilitumia vazi ili aingie katika safu ya wenziwe. Mkoba wa jina hutumiwa ili mtu atoke katika safu ya wenziwe, asimame peke yake juu. La kwanza liliondoa daraja ya dhulma. La pili linarejesha daraja kwa mlango wa dukani.

JAMBO LILILONIPATA

Sasa nitaeleza jambo langu mwenyewe, wala sitamtaja mtu, mtaa wala duka.

Nilikuwa mshenga katika arusi ya kijana mmoja, fundi wa friji, mwenye tabia njema. Watu wa upande wa bibi arusi waliandika karatasi ya vitu vya sanduku: kanga, marashi, udi, viatu, na katika hivyo mkoba, tena kwa jina la nyumba yake. Karatasi ile ilipita mkononi mwangu kabla ya kumfikia kijana. Niliisoma, nikaliona lile jina. Bei yake sikuijua, wala sikuuliza. Nilinyamaza, kwa kuwa sikutaka wazee waone kuwa naiharibu shughuli.

Kijana alikuwa na akiba ya kodi ya nyumba ya miezi sita. Alipoulizia mkoba wenyewe alikuta kuwa ujira wake wa mwaka mzima hautoshi. Akamwendea mchuuzi aliyemwapia kuwa wake ni wa asili, akatoa ile akiba, na iliyopungua akaikopa kwa simu.

Siku ya kufunguliwa sanduku walikusanyika wanawake wa pande zote mbili. Mmoja wao aliushika mkoba, akautazama ndani penye mshono, akasema, "Huu ni wa kuiga." Kikapigwa kicheko. Bibi arusi akainuka, akaingia chumbani akilia, na usiku ule maneno mazito yakapita baina ya nyumba mbili.

Siku ya tatu niliitwa kusuluhisha. Nilimwuliza binti, naye akaniambia, "Maalim, mimi sikuomba mkoba. Liliandikwa jina hilo kwa kuwa binti wa jirani alipelekewa. Mimi nilichokitaka ni chumba chetu wenyewe, tusianze maisha kwa watu." Kijana alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua aliniambia neno moja tu: "Maalim, wewe uliiona karatasi."

Sikuwa na jawabu. Ndoa ilifungwa, walhamdulillahi, lakini hata leo wanakaa katika chumba cha mama wa kijana, na deni halijesha. Mkoba umewekwa juu ya kabati, haubebwi. Kila nipitapo kwao naikumbuka ile karatasi.

HOJA NA MAJIBU YAKE

Pengine mtu atasema, "Mali ni yangu, nimeichuma kwa halali." Kweli, na hapana awezaye kukunyang'anya. Lakini mali ni amana, na mwenye amana ataulizwa ameipata wapi na ameitumia katika nini. Jiulize tu: lau usingeonwa na mtu, ungalikinunua kitu hicho kwa bei hiyo?

Pengine mwengine atasema, "Mkoba ni akiba, waweza kuuzwa." Ni michache iuzwayo kwa bei ya kupanda, iliyo mingi hushuka tangu siku itokapo dukani. Bibi zetu walipoweka dhahabu, waliweka kitu kipimwacho kwa mizani katika mji wowote, na wengi walisomesha watoto kwa bangili zao. Mkoba hauna mizani illa rai za watu, nazo hubadilika.

Na wa tatu atasema, "Basi nitabeba wa kuiga, ambao ni rahisi." Hii si tiba. Mwaka 1896 Georges, mwana wa Louis Vuitton, aliweka alama ya herufi za jina la baba yake katika masanduku yake ili kuwazuia waigaji. Na alama ile ile ndiyo iigwayo mno leo. Hapa Kenya tuna sheria ya mwaka 2008 ya kupinga bidhaa za kuiga. Na juu ya sheria ya serikali iko ya dini: mwanamke mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) kama ana makosa akijionyesha kwa mke mwenziwe kuwa mumewe amempa kitu ambacho hakumpa. Katika jawabu yake alimfananisha mwenye kufanya hivyo na aliyejivika uwongo. Sijui mfano ulio karibu zaidi na mkoba wa kuiga kuliko huo.

YATUPASAYO

Kwanza: karatasi ya sanduku isomwe mbele ya bwana arusi na bibi arusi wote wawili, na kila kitu kitajwe bei yake. Kitu kikitajwa kwa jina la nyumba ya Ulaya, wazee walifute jina, wabakishe kitu. "Mkoba mzuri" yatosha.

Pili: mshenga asinyamaze. Fedheha ya kusema mapema ni ndogo kuliko ya kusuluhisha baadaye.

Tatu: asiwepo wa kumcheka mtu kwa alichokibeba, kiwe cha ghali au cha kuiga. Kile kicheko cha siku ya sanduku kilikuwa na dhambi kuliko mkoba.

Nne: atakaye kitu kizuri na uwezo anao, atafute ufundi. Wako mafundi wa ngozi washonao makubadhi katika miji yetu, na wako mama washonao kofia kwa mkono miezi na miezi. Mlipe fundi haki yake, na utakuwa umejipamba na umesaidia nyumba.

Tano: wanaume tusijitoe. Sisi tuna saa zetu, simu zetu na magari yetu. Nami kofia yangu ya Ijumaa ni ya mkono, na nilipoulizwa nyumbani nimeinunua kwa kiasi gani, nilitaja nusu. Niliporudi kutoka katika darasa hii nilimwambia mke wangu bei ya kweli. Alinitazama kwa muda, akasema, "Nilikuwa nikijua."

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuutafute utukufu kwake, wala tusiutafute katika macho ya waja wake, na awafungulie riziki vijana wetu waoe na waolewe kwa wepesi. Amin.