MPIRA WA KURUDISHIA DIZELI: UPITISHE MBALI NA JOTO

Somo letu la leo linahusu mpira mdogo ulio katika injini ya gari la dizeli. Unene wake haupiti kidole, lakini ukipitishwa vibaya waweza kuunguza gari na watu wake.

Siku moja nilipanda pikapu ya dizeli kwenda kukagua madarasa ya watu wazima. Nyuma kulikuwa na magunia ya mahindi, na juu yake walikaa akina mama wawili na watoto wao. Tulipokuwa tunapanda mlima tukasikia harufu ya dizeli. Mara moshi mweupe ukatoka chini ya boneti. Dereva akazima injini, akatushusha wote, akafungua. Mpira wa kurudishia dizeli ulikuwa umelala juu ya bomba la ekzosi. Ulikwisha lainika na kuanza kuvuja.

"Mbona umepita hapo?" nikamwuliza.

"Mwalimu, ule wa zamani ulipasuka. Huu nilinunua mfupi, basi nikaupitisha njia ya mkato."

Njia hiyo ya mkato ilitaka kutuua.

MPIRA HUU UNA KAZI GANI?

Dizeli hutoka kwenye tangi, ikapita kwenye pampu, ikasukumwa kwa nguvu nyingi hadi kwenye nozeli. Nozeli huipuliza ndani ya injini. Lakini si dizeli yote inayochomwa. Nyingine hulainisha na kupoza pampu na nozeli, kisha hurudi kwenye tangi kwa kupitia mpira huu.

KWA NINI NI HATARI?

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa ikibanwa sana hupata joto kali, na dizeli ikikutana na joto hilo huwaka yenyewe. Basi, kama huwaka ndani bila cheche, yaweza kuwaka nje pia. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi. Dizeli huweza kuwaka yenyewe kwenye nyuzi 210 hivi. Bomba la ekzosi la gari lenye mzigo mlimani laweza kupita joto hilo.

JINSI YA KUUPITISHA

1. Zima injini, iache ipoe. Usivute sigara. Kinga dizeli kwa kopo.

2. Nunua mpira wa dizeli hasa, wenye tundu sawa na la ule wa zamani. Mpira wa maji na tyubu ya baiskeli huharibika upesi kwa dizeli.

3. Kabla ya kukata, pima njia kwa kamba. Njia ikae mbali na ekzosi, feni, mkanda na vyuma vyenye makali. Kama njia salama ni ndefu, nunua mpira mrefu.

4. Usiukunje. Ukikunjika, dizeli hairudi, na pampu yaweza kuvuja. Usiuvute ukakaza pia, maana injini hutikisika na mpira utachomoka. Uache ulegee kidogo.

5. Funga kila ncha kwa klipu. Waya hukata mpira.

6. Washa injini, umulike kwa tochi, siyo kibiriti. Tandika boksi kavu chini ya gari, uone kama kuna tone. Baada ya safari ya kwanza kagua tena.

ONYO

Mabomba ya chuma yanayopeleka dizeli kwenye nozeli yana nguvu kubwa mno. Usiyaguse wala kuyalegeza injini ikiwaka. Dizeli ikichuruzika hapo yaweza kutoboa ngozi na kuingia mwilini. Ikikupata, nenda hospitali mara moja, hata kama kidonda ni tundu la sindano tu.

Ndugu msomaji, mpira uliopasuka huweza pia kuingiza hewa. Kwa hiyo gari likinuka dizeli, au likisumbua kuwaka asubuhi, kagua mpira huu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILI

1. Dizeli inayorudi kwenye tangi imefanya kazi gani kwanza?
2. Yule dereva alikosea wapi?
3. Ukisikia harufu ya dizeli ndani ya gari la abiria, utamwambia nini dereva?