Somo: Mabadiliko Yaonekanavyo Juu na Chini

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vya Tanzania Bara vilivunjwa, na mamlaka za mazao zikakabidhiwa ununuzi wa mazao vijijini. Kwa meneja wa makao makuu, ngazi moja iliondoka pamoja na gharama zake. Katibu wa kijiji, aliyesimama penye mizani, aliona jingine. Kwa Sheria ya mwaka 1975 kijiji chake kilihesabiwa kuwa chama cha ushirika. Lakini magunia, usafiri na fedha za malipo vilingojewa kutoka mbali, na wakulima walimwuliza yeye. Ofisa wa wilaya alipokea amri na manung'uniko, asiwe na uwezo juu ya lolote. Sheria ya 1982 ilivirudisha vyama vikuu. Kamati zijadili: gharama zilizoondolewa juu zilimwangukia nani?