Hana kidonda, lakini ameumia



Jiwe limeanguka shimoni. Mwenzenu mmoja amekufa, mwingine ametolewa mzima. Infirmie wa dispanseri amempima: hakuna mfupa uliovunjika, hakuna damu. Watu wanasema, "Huyu Mungu amemsaidia," naye anarudi kambini peke yake. Hapo ndipo tunakosea.

Mtu huyu anaweza kutetemeka, kunyamaza, kulia, hata kucheka ovyo. Si wazimu, wala hakurogwa. Mzigo umezidi nguvu za akili yake. Mwaka 1942 moto uliua watu 492 katika nyumba ya dansi mjini Boston, Marekani. Mganga Erich Lindemann aliwafuata waliopona na jamaa wa waliokufa, na mwaka 1944 akaandika jinsi huzuni ilivyowashika. Baada yake Gerald Caplan alifundisha kwamba msukosuko wa namna hii huchukua kwa kawaida majuma 4 mpaka 6, na kwamba msaada mdogo wakati huo unafaa kuliko msaada mkubwa uliochelewa.

Basi, mtoe penye kelele, mkalishe, mpe maji na blanketi. Sema naye polepole. Usimlazimishe kusimulia ajali, akisimulia, sikiliza. Usimwambie, "Jikaze, wewe mwanaume!" Usimpe lutuku ili asahau: pombe huharibu usingizi na kuongeza huzuni. Kisha msindikize mpaka kwa mke wake au ndugu yake.

Sasa jambo gumu. Akisema, "Afadhali ningekufa mimi," au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, mwulize waziwazi: "Ndugu, unafikiri kujiua?" Wengi wanaogopa kwamba swali hili litampa wazo hilo. Sivyo. Mara nyingi yeye alikuwa anangoja mtu wa kumwuliza. Akikubali, usimwache hata dakika moja, na usikubali kumfichia siri hiyo. Ondoa kamba, visu, dawa ya wadudu na vidonge, asikaribie baruti. Mpeleke hospitali usiku uleule, na umweleze infirmie maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyapunguza kwa ajili ya haya.

Nawe kapita, mtu anayeogopa kushuka shimoni kesho yake si mvivu. Mpe kazi ya juu siku chache, halafu mwulize tena. Mwezi ukipita naye bado anaota jiwe lile kila usiku, arudi kwa mganga.