Kabla Hujawapeleka Watoto Kisite

MAMA: Ami, shule zikifungwa Agosti nataka kuwaleta watoto Shimoni, tuchukue mashua hadi Kisite wakaone samaki.

AMI: Karibuni sana, lakini si Agosti. Huo ni msimu wa upepo wa kusi. Ukishatoka kwenye kinga ya kisiwa cha Wasini, ukapita visiwa vya Mpunguti, wimbi la bahari kuu linakupokea. Mtoto atatapika kabla hajavaa miwani, na maji yakivurugika hata mtu mzima haoni kitu. Ngoja Disemba, kaskazi ikiingia.

MAMA: Basi Disemba. Siku yoyote?

AMI: Siku yoyote! Tazama mwezi kwanza. Mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua. Pwani yetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo huwa mkali. Wewe tafuta maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, karibu na tarehe 8 au 22 ya mwezi wa Kiislamu. Kisha muulize nahodha saa ya kupwa, kwa maana kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Saa ya safari ya jana si ya kesho. Nahodha akikuambia saa zote ni sawa, tafuta mwingine.

MAMA: Mdogo hajui kuogelea vizuri.

AMI: Avae jaketi la kumtosha, lisiwe la baba yake. Lijaribuni nchi kavu: mnyanyue kwa mabega ya jaketi, likimpanda hadi masikioni, halifai. Miwani nayo aizoee ufukweni, maji ya kiunoni. Nywele zisiingie chini ya mpira wa miwani, la sivyo maji yatavuja. Apumue kwa mdomo kupitia mrija, polepole, uso ndani ya maji, wewe ukimshika mkono. Akishatulia hivyo, Kisite hataogopa. Na wote mvae fulana za mikono mirefu. Jua huunguza mgongo mtu asisikie, kwa kuwa maji yanampoza.

MAMA: Akichoka, si atasimama juu ya mwamba?

AMI: Hapo ndipo nakusihi, mwanangu. Yale ni matumbawe, na yako hai. Kila tumbawe ni maelfu ya viumbe vidogo vilivyojijengea nyumba ya chokaa. Yale makubwa ya mviringo hukua kama sentimita 1 kwa mwaka. Teke moja la mtoto linavunja umri wa babu yake. Mwaka 1998 bahari ilipata joto, matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe na kufa. Yaliyosalia na yaliyoota upya ndiyo haya mnayokuja kuyaona. Mtoto akichoka alale chali, jaketi limbebe, mumvute hadi mashuani. Mwamba wenyewe pia una miiba ya nungu weusi wa baharini, na samaki mwenye sumu anayefanana na jiwe.

MAMA: Na mkate wa kuwarushia samaki?

AMI: Mkate kuleni nyinyi. Samaki wana kazi yao: wengine hula mwani unaotaka kuyafunika matumbawe. Ukiwashibisha mkate, hiyo kazi nani ataifanya? Pale Kisite ni hifadhi, hakuvuliwi kabisa. Ndiyo maana samaki wanamkaribia mtu. Sisi wavuvi tulinung'unika sana tulipofungiwa, na leo nakiri kuna faida, kwa kuwa samaki waliojaa ndani hutoka nje tukawavua.

MAMA: Pomboo je?

AMI: Mkiwaona, nahodha apunguze mashine, mwatazame kutoka chomboni. Wasirukiwe wala wasifukuzwe, hasa wenye watoto. Wakitaka, watakuja wenyewe ubavuni.

MAMA: Nimekusikia, Ami. Chakula tule wapi?

AMI: Wasini, mkirudi. Na muwapitishe watoto kwenye daraja la mbao la akina mama wa kisiwa, kati ya matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu. Ada yenu huwafikia wenyewe. Sasa usikate tiketi ya treni ya kuja pwani bado. Nitumie kwanza tarehe za likizo, nikuchagulie siku yenye maji mafu.