SOMO LETU: Seli Isiyosikia Amri

Miili yetu imejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo seli. Seli hugawanyika, moja huwa mbili, ili kuziba kidonda au kushika nafasi ya zilizochakaa. Kidonda kikipona, zinatulia. Seli ya kansa haisikii amri hiyo. Inazidi tu kugawanyika mpaka inakuwa uvimbe, kisha inasambaa mwilini.

Kansa ya mlango wa kizazi kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kukua, na mwanzoni haiumi. Basi tusingoje maumivu. Kliniki hupaka siki mahali hapo. Penye seli zilizobadilika hugeuka peupe, na panatibiwa kabla ya kuwa kansa.

Tujadiliane: Akina mama wa kwetu wanazuiwa na nini kwenda kupimwa? Kikundi kitawasaidiaje?