Jiko Nililomnunulia Nyanya: Somo Kuhusu Kuni, Makaa na Moshi

Katika toleo hili nimeombwa niandike juu ya utunzaji wa mazingira. Najua mada hii tumeisikia gwarideni mara nyingi hata wengine huanza kupiga miayo ikitajwa. Basi sitawahubiria. Nitawaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe, kisha tulichambue pamoja. Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kulirudia.

MAONI YA WATU

Kwanza, hebu tusikilize raia wanasema nini. Mama mmoja auzaye sukumawiki sokoni aliniambia, "Hayo mambo ya mazingira ni ya watu walioshiba." Fundi wa jua kali anayetengeneza majiko naye alisema, "Kitu kikipunguza gharama, watu watakinunua bila kuhubiriwa." Mwanafunzi mwenzangu yeye alidai kwamba watu wa mashambani ni wakaidi tu, hawataki kubadilika.

Mimi niliyaunga mkono maoni hayo ya mwisho. Katika mjadala wa muhula wa kwanza nilisimama nikasema kwa sauti kubwa kwamba mafiga matatu ni adui wa misitu yetu, na kwamba kila nyumba inapaswa kuwa na jiko la kisasa. Nilipigiwa makofi kwelikweli. Nikarudi kitini kifua mbele kama jogoo.

KOSA LENYEWE

Likizo ya Aprili ilipofika, nilitumia akiba yangu kumnunulia nyanya jiko la makaa, lile la bati lenye udongo uliochomwa kwa ndani. Nyanya anaishi upande wa Molo, na mwenye kupajua Molo anajua baridi ya huko si ya mchezo. Nililibeba jiko hilo kwenye matatu nikiwa nimelipakata kama mtoto mchanga. Nilipofika niliyang'oa mafiga yake matatu jikoni nikayapanga kando ya maua. Nyanya alitazama tu. Mwishowe akasema, "Asante mjukuu wangu. Mungu akubariki."

Niliporudi mwezi wa Agosti, niliona banda la kuku limekaa kimya.

"Nyanya, kuku wameenda wapi?"

"Nimewauza."

"Mbona?"

"Makaa hayaokotwi shambani, mjukuu wangu. Yananunuliwa. Nawe ulilinunua jiko kwa pesa zako, ningelitupaje?"

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe miaka yote nyanya alikuwa akipikia matawi ya miti yake mwenyewe, anayoyapogoa na kuyakausha. Hakuwa akitumia hata senti. Mimi ndimi niliyemtoa kwenye kuni za bure nikamwingiza kwenye makaa ya kununua, halafu nikaita hayo maendeleo.

Lakini hilo halikuwa baya zaidi. Asubuhi ya tatu nyanya hakuamka kwa wakati wake. Nilibisha mlango, kimya. Nikabisha tena. Alipofungua alikuwa akiyumba na kulalamika kuwa kichwa kinampasuka, tena anataka kutapika. Nilipochungulia ndani nililiona jiko langu kando ya kitanda, mlango na dirisha vikiwa vimefungwa ndi! Zamani alikuwa akiota moto kwenye mafiga kule jikoni kabla ya kulala, na jiko lile lina nyufa tele za kupitisha hewa. Sasa mafiga hayakuwepo, naye baridi ilikuwa imemzidi. Tulimtoa nje upesi, kisha tukampeleka zahanati. Namshukuru Mungu alipona. Muuguzi alituambia kuwa angeendelea kulala, huenda asingeamka tena.

TUCHAMBUE KOSA

Sasa tuingie kwenye somo. Kosa langu lina sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni jiko lenyewe. Jiko hili lilibuniwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi wetu wakichukua wazo kutoka jiko la ndoo la Thailand na kuliunganisha na jiko la bati la hapa nyumbani. Jiko la bati tupu hupoteza joto jingi ubavuni. Ule udongo wa ndani huzuia joto lisitoroke, nacho kile kimlango cha chini hukuwezesha kupunguza hewa ili makaa yasiungue ovyo. Kwa sababu hiyo jiko hili huweza kuokoa asilimia 30 hadi 50 ya makaa. Hiyo ni akiba kubwa sana kwa mtu aliyekuwa akinunua makaa tangu awali. Nyanya hakuwa mtu huyo! Dawa ni nzuri, ila nilimpa mgonjwa asiyekuwa na ugonjwa huo.

Sehemu ya pili ni mahali makaa yanakotoka. Wengi wetu tukiona makaa hatuoni mti. Makaa mengi hutengenezwa kwa kufukia magogo chini ya udongo na kuyachoma polepole. Katika tanuri za namna hiyo, kilo 10 za kuni hutoa kilo 1 au 2 tu za makaa. Ni kweli kwamba kilo moja ya makaa ina moto mkali kuliko kilo moja ya kuni, lakini ukipiga hesabu utaona kwamba zaidi ya nusu ya nguvu za ule mti imepotelea huko huko tanurini. Kwa hivyo mtu akihama kutoka matawi makavu ya shambani kwake kwenda kwa makaa, huenda akawa anamaliza miti mingi zaidi, si michache. Miti yenyewe hukatwa mbali, asikoiona yeye. Mimi nilisimama mjadalani nikijiita mtetezi wa misitu, kumbe!

Sehemu ya tatu ni hewa. Kuni hutoa moshi unaouona na kuukohoa. Makaa hayana moshi mwingi, ndiyo maana watu huyaamini. Lakini makaa yanapoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huingia katika damu ikachukua nafasi ya oksijeni. Mtu huumwa na kichwa, hulegea, akasinzia, na akifungiwa nayo anaweza kufa usingizini. Tafadhali wenzangu, mkisahau yote niliyoyaandika, msisahau hili: jiko la makaa lisilazwe ndani ya nyumba, hata kama baridi inakata masikio.

Msidhani nasema mafiga ni mazuri. La, hasha! Moshi wa kuni huleta magonjwa ya mapafu, na watoto wadogo hupatwa na nimonia. Tena si jambo la watu wachache. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya nyumba nchini Kenya hupika kwa kuni. Nchi yetu inasifiwa kwa umeme wa mvuke wa Olkaria, uliozalishwa tangu mwaka 1981, lakini sufuria nyingi za githeri bado ziko juu ya kuni. Kwa hivyo swali si kama tubadilike. Swali ni tubadilike vipi.

TULIVYOREKEBISHA

Safari hii nilianza kwa kuuliza. Nyanya alinihesabia kwa vidole: mafiga yanapika, yanampa joto, yanakausha mahindi yanayoning'inia juu, na yanabeba sufuria kubwa wageni wakija. "Huko kwenu shuleni," akasema, "hamkuulizana ni nani anayepika?" Sikuwa na jibu.

Kina mama wa chama chake walitusaidia kujenga jiko la kuni lenye kiini cha udongo uliochomwa, lile la Maendeleo, ambalo wengine huliita Upesi. Kiini hufungiwa kwa matope na mawe, kuni huingia kwa mbele, na moto hukaa chini ya sufuria badala ya kusambaa. Hutumia kuni kidogo kuliko mafiga. Moshi haukwishi kabisa, kwa hivyo tulipanua dirisha la jikoni. Kuni sasa hupasuliwa ndogo ndogo na kuanikwa mpaka zikauke. Mahindi na maharagwe hulowekwa usiku kucha ili yaive haraka, na sufuria hufunikwa. Mambo hayo ya mwisho hayagharimu chochote. Nyanya hukaa papo hapo jikoni akaota moto kabla ya kulala, kama zamani. Lile jiko langu la makaa liko, huwashwa nje siku ya chapati.

HITIMISHO

Nikiyarudia maoni ya mwanzo, naona yule fundi alisema kweli, na hata yule mama wa sukumawiki alikuwa na hoja. Aliyekosea ni mimi na rafiki yangu tuliyeita watu wakaidi kabla ya kuwasikiliza. Kabla hujampelekea mtu jiko, taa ya sola au mtungi wa gesi, muulize: Anatumia nini sasa? Nani atalipa? Kile cha zamani kilikuwa kinafanya kazi gani nyingine?

Nami nimeshaanza kulipa deni. Muhula huu nimeweka akiba upya, nikamnunulia nyanya kuku mmoja. Bado mmoja.

MASWALI YA KUJADILI

1. Eleza tofauti kati ya jiko la bati tupu na jiko lenye udongo kwa ndani.
2. Kwa nini kuhama kutoka kuni hadi makaa si lazima kuokoe misitu?
3. Je, ni nani hupika kwenu, na amewahi kuulizwa maoni yake kuhusu jiko analotumia? Nenda ukamuulize, kisha uandike insha.