Dawa ya Mwenye Dhiki ya Moyo: Talbina, Kombe na Mitishamba

Sifa zote njema zina Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Somo hili ni katika kubainisha hukumu ya dawa anazotumia mtu aliyeshikwa na huzuni isiyomwondoka, au wasiwasi unaomnyima usingizi. Halina budi kubainishwa, kwani wanaume wengi wa pwani, tangu Raskazone hata Pangani, huona haya kulitaja. Mtu hucheka na wenziwe barazani hali moyo wake umefungwa. Kisha usiku humwendea mwuza dawa kwa siri, akanunua asichokijua kwa thamani asiyoiweza.

FASLI YA KWANZA: Huzuni si upungufu wa imani

Nabii Yaakubu, amani imshukie, alimlilia mwanawe hata macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii. Na mwaka waliofariki Bibi Khadija na Abu Talib, yapata miaka 3 kabla ya Hijra, umeitwa Mwaka wa Huzuni. Tena imethubutu katika hadithi sahihi kuwa Mtume (S.A.W.) alikithirisha kujikinga kwa Mola wake na hamu na huzuni. Wanavyuoni wamesema: hamu ni ya jambo linalochelewa kesho, na huzuni ni ya jambo lililopita. Basi aliyepatwa na haya asiambiwe kuwa imani yake ni haba, wala asiharakishwe kuambiwa ana pepo.

FASLI YA PILI: Hukumu ya kujitibu

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, kujitibu ni sunna, wala hakupingani na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Mitishamba asili yake ni halali, ila ile yenye kudhuru mwili au kuondoa akili. Kwa hiyo haifai kwa mwenye dhiki kukimbilia pombe wala bangi, kwa kudai kuwa zapoza moyo. Pombe hulaza mtu usiku mmoja, ikamwamsha na huzuni mbili. Na bangi hujulikana kwa matabibu kuwa huwazidishia wasiwasi watu wengi.

FASLI YA TATU: Talbina

Amepokea Bukhari na Muslim kwa Bibi Aisha (R.A.) kuwa, alipofiwa na mtu wa kwao, wanawake wakiisha kutawanyika, wakabaki jamaa na watu wake wa karibu, aliamrisha ipikwe talbina. Naye alieleza aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.): kwamba talbina huupumzisha moyo wa mgonjwa, na huondoa baadhi ya huzuni.

Talbina ni uji mwembamba wa shayiri. Jina lake limetoka katika neno la Kiarabu la maziwa, kwa weupe wake na wepesi wake. Hutiwa vijiko 2 vya unga wa shayiri usiokobolewa katika kikombe cha maji, ukakorogwa juu ya moto mdogo kadiri ya dakika 10 hata 15. Kisha hutiwa maziwa, na asali kidogo kwa apendaye.

Na mwaka 2013 ilitangazwa habari ya jaribio lililofanywa Malaysia kwa wazee 30 wenye dalili za unyonge wa moyo, wakaonekana kupata nafuu kwa kula talbina. Wazee 30 ni wachache, nalo ni jambo la kutia moyo, si la kukata shauri.

Na alizingatie msomaji neno "baadhi". Mtume (S.A.W.), naye ni mkweli kuliko watu wote, hakusema kuwa uji huu huondoa huzuni yote. Basi mwuza dawa asemaye kuwa chupa yake huondoa huzuni yote kwa siku 3, amejidai kwa majani yake yale ambayo Mtume hakuyadai kwa talbina.

FASLI YA NNE: Kombe la zafarani

Kuandika Kurani kwa kitu tohara, kisha kuosha maandishi na kuyanywa, ameeleza Imamu Nawawi kuwa wako katika salafu walioona hapana ubaya, na wako waliochukia. Na kauli ya madhehebu ni kuwa yafaa. Lakini siku hizi wako waandikao kwa rangi wakaiita zafarani, na hiyo ni ghushi. Zafarani yenyewe imejaribiwa na matabibu, khasa wa Iran, kwa miligramu 30 kwa siku, ikaonekana kuwafaa baadhi ya wenye huzuni isiyo kali. Kuizidisha sana ni sumu, na mwanamke mja mzito asipewe kama dawa.

FASLI YA TANO: Dhamana ya mwenye kutibu

Imepokewa kuwa atibuye watu hali hajulikani kwa utabibu, yeye ni mdhamini wa madhara yatokeayo. Na sheria ya Tanzania ya mwaka 2002 imeweka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ili waganga waandikishwe. Basi na aulizwe mganga: Umeandikishwa? Ni mti gani huu? Atakayekasirika kwa maswali haya, aachwe na dawa yake.

Wala mgonjwa asiache dawa za hospitali kwa amri ya mganga, wala asizichanganye na mitishamba pasipo kumwambia daktari, kwani dawa nyingine hugombana mwilini. Na huzuni ikizidi majuma 2, mtu akaacha kula, kulala na kazi, au akatamani kufa, hapo uji hautoshi, na kungoja ni hatari. Apelekwe hospitali siku ile ile, kama Bombo iliyo jirani na Raskazone, wala asiachwe peke yake njiani wala nyumbani. Wala hapana lawama daktari akiwa si Mwislamu, maadamu ni mwaminifu, kwani katika Hijra Mtume (S.A.W.) aliongozwa njia na Abdullahi bin Uraykit, naye hakuwa Mwislamu.

KHATIMA

Jirani akimwona mwenziwe hafiki msikitini wala ufukoni, amwendee, akae naye, amsikilize kabla ya kumwaidhi. Bibi Aisha aliwapikia jamaa zake wakala pamoja; basi mwenye huzuni asiachwe ale peke yake.

Wallahu aalam.